Eneo la wazi mtaani kwetu Mbeya: tupande miti au tujenge fremu? Naombeni hoja kabla ya kikao

Mwana_wa_Loleza:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie hoja maana Jumapili tuna kikao cha mtaa na naona kabisa tunaenda kushindwa.

Mtaani kwetu (sitautaja, niko hapahapa Mbeya mjini, upande wa milimani) kuna eneo la wazi, kama robo tatu ya eka hivi, upande mmoja limepakana na mto mdogo unaoshuka kutoka mlimani, upande mwingine barabara ya vumbi ya mtaa. Tangu tunakua watoto wanacheza hapo, kina mama wanaanika mahindi, jioni wazee wanakaa chini ya mti mmoja mkubwa uliobaki wanapiga bao. Sasa kuna kundi ndani ya kamati limekuja na wazo la kujenga fremu za maduka kuzunguka eneo lote, kodi imalizie ofisi ya mtaa, inayobaki iende kwenye ulinzi shirikishi. Kiukweli wazo lao lina mashiko, fremu ni hela unayoiona, mwezi ukiisha unaihesabu. Sisi wachache tunataka eneo libaki, tuongeze miti, tuweke mabenchi na kijia cha kutembea kuzunguka, afu tuimarishe ule ukingo wa mto ambao kila masika unamegeka. Nilipolisema hilo kwenye grupu la mtaa nikajibiwa "watu hawana hela ya unga we unawaza bustani, hayo mambo ya Ulaya".

Na mji wenyewe tunauita Green City eti. Panda pale mlima Loleza asubuhi ukungu ukishaondoka utazame chini, ni bati linafuata bati, kijani kilichobaki ni cha mashuleni, makanisani na makaburini.

Sasa mnisaidie, hii habari kwamba miti ya mjini inasaidia afya ina ushahidi au ni maneno ya semina tu? Na hili la mabadiliko ya tabianchi nalielezaje kwa watu ambao mwezi wa 6 wanavaa makoti mawili, ukiwaambia miti inapunguza joto wanakucheka. Halafu miti gani inafaa kwa hali yetu. Anayejua sheria pia asinyamaze.

Kabwe_Stendi:

Mi naanza kwa kukupinga mkuu na usinichukie. Sisi watu wa Mbeya tuna shida gani na kijani? Ukitoka Uyole ukashika njia ya Tukuyu ni migomba, chai na parachichi mpaka unaingia Kyela. Anayetaka miti apande daladala ya buku mbili tatu akaitazame.

Piga hesabu, fremu 10 tu kwa elfu 50 ni laki 5 kwa mwezi, kwa mwaka milioni 6. Bustani yako inaingiza shingapi? Na nani analipa bili ya maji, nani anafagia, nani anakaa usiku? Bustani isiyo na mlinzi ni maficho ya vibaka, nimeshaona. Afya inaanzia mfukoni bro.

Nesi_Mkongwe:

Kabwe hoja ya vibaka ni ya kweli na wenzako wataijibu, ila hiyo ya afya inaanzia mfukoni ngoja nikujibu mimi maana ndo kazi yangu.

Siku ya kliniki ya presha na sukari njoo ukae benchi la nje uone foleni. Zamani tulizoea kuona wazee, siku izi wapo vijana wa miaka thelathini na kitu, dereva, muuza duka, mwalimu, watu wanaokaa kutwa nzima. Daktari anaandika dawa afu anamwambia mgonjwa utembee japo nusu saa kila siku, na si maneno yake ya kutunga, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kawaida kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Haya, mama wa miaka 58 mwenye magoti mabovu atembee wapi mtaani kwenu? Barabara haina pembeni, boda na bajaji zinapita palepale unapokanyaga, akishuka kwenye lami kubwa anakutana na malori ya Tunduma na moshi wake. Anarudi nyumbani anakaa kwenye kochi. Mwezi ujao presha iko palepale, tunamuongezea kidonge. Kwahiyo mfukoni mwake kunatoka hela ya kidonge na nauli ya kukifuata, hiyo kwenye hesabu yako ya fremu hujaiweka.

Ushahidi upo mwana Loleza. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha kazi yake aliyoifanya kwenye mafaili ya hospitali moja Pennsylvania kule Marekani, wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo, nusu dirisha la wodi liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao. Ni watu wachache ndiyo, lakini utafiti ule ulifanya hospitali nyingi zianze kufikiria bustani na madirisha. Mwaka 2019 Uingereza wakachambua majibu ya watu karibu 20,000, wakakuta wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili (bustani za mjini zimo) ndo wengi wao wanasema afya yao nzuri na wana amani ya moyo, na haijalishi ulizipata kwa mkupuo au ulizigawa gawa. Lakini usiende kuwaambia watu kwamba mti unatibu presha, watakushika hapohapo, maana inawezekana pia mwenye afya ndo anayepata nguvu ya kutoka nje. Sema hivi: kivuli, njia isiyo na boda na benchi la kupumzikia vinamfanya mtu atembee, na kutembea ndo kunashusha presha. Hapo hakuna wa kukupinga.

Na lile vumbi la mwezi wa 8 mpaka wa 10 mnalijua wenyewe, watoto wanakohoa mtaa mzima. Ardhi iliyofunikwa na nyasi na miti haitimki.

Kabwe_Stendi:

Sasa dada yangu Pennsylvania na Mwanjelwa wapi na wapi 😂

Nesi_Mkongwe:

Presha ya Pennsylvania na ya Mwanjelwa tunaipima kwa mashine ileile mdogo wangu. Na wewe lini mara ya mwisho umepima?

Kabwe_Stendi:

Tuendelee na mada.

Mpanda_Miche_Uyole:

Mi nichangie kwenye miti na hilo la tabianchi, samahani nitaandika refu.

Kwanza hoja ya joto waachie watu wa Dar na Dodoma. Kule Medellín nchini Kolombia walianza mwaka 2016 kupanda njia za kijani pembeni ya barabara na mitaro, jiji lenyewe linasema joto limeshuka kama nyuzi 2 kwenye maeneo hayo, ni mfano mzuri sana lakini ukiusimulia kwetu mwezi wa 6 watakwambia nyuzi 2 hizo hizo tunazitaka tubaki nazo. Hoja yetu sisi ni MAJI. Mvua siku izi inachelewa afu ikija inamwaga yote kwa mara moja, na mji uko kwenye mteremko. Chukua simu upige hesabu na mimi, bati la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000 chini. Bati moja hilo. Sasa eneo lenu la robo tatu eka ni kama mita za mraba 3,000, mvua hiyohiyo ikipiga hapo ni lita laki moja na nusu. Leo hii nyingi inazama ardhini kwa sababu ni udongo na nyasi. Mkijenga fremu mkasakafia na uwanja wa mbele, karibu zote zinaenda mtoni kwa dakika chache, na mto wenyewe ukingo umeshaanza kumegeka. Wanaokaa chini yenu ndo watazipokea sebuleni. Aprili 2024 wote tuliona tope la Mlima Kawetele lilivyoshuka Itezi likafunika nyumba na shule, sisemi chanzo ni fremu za mtu, nasema milima hii haina utani na mvua, kila kipande cha ardhi kinachoweza kunywa maji usikifunge kwa zege.

Mti unafanya hivi: majani yanapokea tone linapungua nguvu, majani makavu yaliyoanguka chini yanazuia udongo usipigwe, mizizi inafungua njia maji yazame, na mizizi hiyohiyo inashika ukingo. Ndo maana serikali na watu wa maji wanapiga kelele na "miti rafiki wa maji".

Sasa aina. Pembeni ya mto pandeni mivengi na mikuyu, basi, hapo usijaribu ujanja. Mivengi wazee wetu waliiacha kwenye vyanzo vya maji bila kuambiwa na mtu. Mkaratusi (mlingoti) usisogee kabisa karibu na maji, unakunywa sana, najua mtaambiwa unakua haraka na utauza nguzo, mwambieni anayesema hivyo akapande shambani kwake. Huku katikati kwa ajili ya kivuli mringaringa ni mzuri, unatanua matawi, nyuki wanaupenda. Mgrevilea pia unafaa ila uwe unaupogoa. Jakaranda inapendeza ikichanua mwezi wa 10, mmoja miwili sawa, si ya asili yetu lakini haina makosa. Mwarobaini usihangaike nao ni mti wa joto huku kwetu utadumaa. Na miashoki tafadhali, mtu anapanda mti umesimama wima kama askari wa gwaride afu anatafuta kivuli chake haoni. Mikuyu iwe mbali na nyumba na mabomba, mizizi yake inatafuta maji popote.

Parachichi msipande kwenye eneo la wote. Zitaliwa mbichi, matawi yatavunjwa, na mtagombana.

Upandaji sasa, hapa ndo miche mingi inafia. Shimo sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu mweusi weka kulia, ule wa chini weka kushoto, ule mweusi changanya na samadi iliyooza vizuri (ikiwa mbichi inaunguza). Kiriba kitoe CHOTE, nimekuta watu wanapanda na nailoni yake. Angalia chini ya kiriba, ukiona mizizi imezunguka zunguka kata ile sehemu ya chini kama sentimita moja kwa wembe, ukiiacha itaendelea kuzunguka na mti ukishakuwa mkubwa upepo unaung'oa. Shindilia kwa mkono si kwa buti, acha kisahani kuzunguka shina cha kushika maji. Na pandeni Desemba au mwanzoni mwa Januari mvua ikishakolea. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, nenda ukapige picha hiyo siku hakuna ubaya, ila kwa Mbeya mche wa Aprili unapata wiki chache tu za mvua afu unakutana na baridi la Juni na ukame mpaka Novemba. Mti wa Desemba unakuwa umeshashika.

Dogo_wa_Iyunga:

Vipi kuhusu hela za hewa ukaa? Nasikia kule Katavi vijiji vinalipwa mabilioni kwa kutunza msitu, mtaa nao si tuombe, hapo hata Kabwe atakubali

Mpanda_Miche_Uyole:

Dogo wale ni vijiji vya wilaya ya Tanganyika na msitu wa Ntakata, ni misitu mikubwa kwelikweli, vijiji vimeungana na wanasimamia kwa miaka. Nyie mna robo tatu eka. Kaboni ya miti yenu haitafikisha hata gharama ya mtu wa kuja kuipima. Msiende na hiyo hoja kikaoni mtaonekana matapeli.

Mchora_Ramani:

Naingia kwenye sheria kwa sababu naona mnabishana kuhusu kitu ambacho huenda kikao hakina hata mamlaka nacho.

Eneo la wazi likiwa limechorwa hivyo kwenye mchoro wa mipango miji, kulijengea fremu ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji, kwenu ni Jiji. Kikao cha mtaa kinaweza kupendekeza, hakiwezi kuidhinisha. Kwahiyo kabla ya Jumapili nenda ofisi ya ardhi na mipango miji uulize mchoro wa eneo lenu unasemaje, uliza kwa upole, ukipata nakala ndo silaha yako. Kama eneo halijapimwa na halipo kwenye mchoro wowote basi hapo kuna kazi nyingine, na ndo haraka zaidi, ombeni liingizwe kama eneo la wazi kabla mtu hajajipimia.

Kuna kitu kingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Sasa robo tatu ya eka kama ni umbo la mraba ni kama mita 55 kwa 55. Chukua futi kamba uanzie ukingoni, kuna uwezekano eneo lote liko ndani ya hizo 60. Miti haina tatizo hapo. Fremu ina tatizo.

Kabwe_Stendi:

Hahaha hapo sasa. Ukiita sheria ya mita 60 mwana Loleza, kwenye huo mto kuna nyumba ngapi ziko ndani ya mita 60? Na yako iko mita ngapi? Watakuja na rangi nyekundu waweke X mtaa mzima, utakimbiwa na hao hao wachache wanaokuunga mkono.

Mwana_wa_Loleza:

Aisee Kabwe hapo umenigusa. Ya kwetu haifiki 60 na ya jirani yangu haifiki hata 30, zimejengwa tangu enzi za mababu.

Mchora_Ramani:

Kabwe ana point na ndo maana nilitanguliza mchoro. Anza na mchoro wa mipango miji na matumizi ya ardhi, hiyo haigusi nyumba ya mtu. Hizo mita 60 zitumie kama swali tu kwa wale wanaotaka fremu, "je mkishajenga mkiambiwa mbomoe kwa sababu ya mto, hela ya wananchi nani atairudisha?" Uliza hivyo afu ukae. Hakuna mwenyekiti anayetaka jina lake liunganishwe na jengo lililobomolewa.

Na hili la "mambo ya Ulaya" mwambie anayelisema asome habari za Wangari Maathai, Mkikuyu wa Nyeri hapo Kenya. Mwaka 1989 serikali yao ilitaka kujenga ghorofa la sakafu 60 ndani ya Uhuru Park katikati ya Nairobi, yule mama akapinga akiitwa kila jina, wakamcheka bungeni, mwishoni waliotaka kutoa hela wakajitoa na ghorofa halikujengwa. Wananchi wa kawaida wamekuwa wakilala kwenye nyasi za pale saa ya mchana kwa miaka mingi, na wengi wao hata hela ya chai hawana. Mwenye hela ana bustani yake nyumbani ndani ya geti. Eneo la wazi ni la asiye na geti.

Dada_Kihesa:

Kamweneee! Iringa hapa. Nimesoma yote nimecheka kwa Nesi na Kabwe, ila nina jambo.

Huku mtaani kwetu kuna watu walikuja kupanda miti, sitawataja, walikuja na fulana, maji ya chupa na muziki. Mashimo yalichimbwa asubuhi hiyo hiyo, yaani kijishimo cha jembe moja, miche ikadumbukizwa, picha zikapigwa, gari likaondoka. Hakuna aliyeuliza nani atamwagilia mwezi wa 9, na Iringa mnaujua upepo wake na ukavu wake. Mbuzi walimaliza iliyobaki. Halafu unasikia kila halmashauri inatakiwa kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka, sawa, inahesabiwa ikipandwa, ingehesabiwa ikifikisha miaka mitatu tungekuwa tunaongea mengine.

Mtaa wa pili yake walifanya tofauti, hawakuwa na fulana. Walipanda miche michache tu, kila mche ukapewa nyumba. Mti huu wa kina fulani, ule wa kina fulani. Wakazungushia mabanzi, si unajua huku mabanzi kutoka Mafinga ni bei rahisi, mbuzi hapiti. Maji ya kusuuzia mchele na ya kusuuzia nguo yanaenda kwenye mti jioni, anayepeleka ni mtoto. Ukikuta mti umenyauka kila mtu anajua ni wa nani na mama mwenye nyumba anaona aibu kupita hapo. Aibu inafanya kazi kuliko faini wallahi. Sasa hivi miti imeshapita urefu wa mtu na watoto wanagombana wa kwao ndo mrefu.

Kwahiyo wewe mwana Loleza mwenye uzi, usiombe miche mia mbili ya bure. Chukua ile ambayo una majina ya watu wa kuitunza.

MamaLishe_Soweto:

Wanangu mnaongea vizuri ila mmesahau choo. Mkipanda miti mkaweka mabenchi bila choo, hiyo miti ndo itakuwa choo, afu mama gani ataleta mtoto hapo. Na taa. Kabwe anaposema vibaka hasemi uongo, mimi nafunga biashara saa 2 usiku najua napita wapi na sipiti wapi. Msipande vichaka, pandeni miti ambayo matawi ya chini mnayakata mpaka juu ya kichwa cha mtu, mtu akisimama upande huu anaona upande ule. Taa mbili za sola. Na kijia kipite kati, watu wakipita pita kibaka hakai.

Lingine, mimi nauza chakula chini ya mti hapa nilipo, wateja wangu bodaboda. Jua la mwezi wa 10 na wa 11 la hapa Mbeya msilidharau, kwenye mabanda ya bati ule moto unaoshuka juu ya kichwa na jiko liko mbele yako, unatoka hapo kichwa kinagonga. Wenzangu walio kwenye fremu wanakuja kupumzika kwangu chini ya mti. Kwahiyo hoja ya joto mwanangu Mpanda Miche usiifute yote, ni sisi tu hatusikilizwi maana hatuongei nyuzi nyuzi.

Ushauri wangu muwape fremu chache upande wa barabara, mbili tatu, na choo cha kulipia hapo hapo. Hela ya choo na kodi ndo inamlipa mtu wa kufagia na kumwagilia. Sehemu inayobaki iwe miti. Mkienda kikaoni kutaka yote mtakosa yote.

Mpanda_Miche_Uyole:

Mama umeongea na nimekubali, nilikuwa nawaza majumbani tu, sokoni ni kweli bati linachoma. Hilo la kupogoa mpaka juu ya kichwa ndo inavyotakiwa, ila muanze mti ukiwa mkubwa kidogo, mche mdogo ukiukata matawi yote shina linakuwa jembamba linapinda.

Mchora_Ramani:

Hata fremu mbili tatu zinahitaji kibali, na ziwe mbali na mto kadri inavyowezekana. Ila kama pendekezo la kikao ni zuri. Choo nacho shimo lisiwe karibu na maji.

Kabwe_Stendi:

Mama Lishe ndo mtu pekee humu aliyepiga hesabu. Fremu 3 na choo cha 200 naweza nikaunga mkono, ila mhasibu asiwe ndugu wa mwenyekiti.

Na dada Nesi, nimepima jana duka la dawa. 148 kwa 94. Hii ikoje?

Nesi_Mkongwe:

Iko juu mdogo wangu. Mara moja haitoshi kusema una presha, ulikuwa umetembea au umekunywa kahawa? Kaa dakika tano kabla ya kupimwa, upime siku nyingine tofauti kwenye kituo cha afya si dukani, usianze kumeza dawa za jirani. Punguza chumvi kwenye chipsi. Na kutembea unakujua.

Mwana_wa_Loleza:

Wakuu ndaga fijo (asanteni sana), sikutegemea. Leo nimeenda ofisi ya ardhi, mchoro upo, eneo letu limeandikwa eneo la wazi, nimeambiwa nakala natakiwa niandike barua nipitishie kwa mtendaji. Barua nimeandika, mtendaji kaisoma mara mbili akaniuliza nimetumwa na nani.

Kikaoni naenda na pendekezo la Mama Lishe. Nimeshaongea na nyumba kadhaa, kumi na mbili zimekubali kuwa na mti wa kutunza na wameniandikia majina kwenye daftari, wazee wa bao wameomba ule mti wao uandikwe ni wa kwao japo walishaukuta. Hesabu ya lita laki moja na nusu nimeichora kwenye manila kadi, nitaibandika ukutani.

Mpanda Miche, mivengi miche yake naipata wapi na bei yake ikoje? Vitalu vya barabarani naona wanauza parachichi na maua tu.

Mpanda_Miche_Uyole:

Vitalu vingi vya barabarani hawana kwa sababu hainunuliwi sana. Ulizia TFS (wakala wa misitu wa serikali), au watu wa ofisi ya bonde la maji, mara nyingi wanaotesha ya vyanzo vya maji. Ukikosa, okota matunda ya mvengi yakiwa yameiva meusi, menya nyama yake, mbegu iende kwenye kiriba siku hiyohiyo au kesho yake, ikikauka haioti. Usiweke stoo ukasema utaotesha mwakani.

MamaLishe_Soweto:

Kikao saa ngapi? Misa ya pili inatoka saa 5.

Mwana_wa_Loleza:

Saa 8 mchana mama, palepale kwenye eneo. Wapangaji nao wanaruhusiwa kuongea, kuna mtu anapita kuwaambia hawaruhusiwi, msimsikilize.